Mashine ya Kwanza ya Kupigia Gari Polishi: Ununue Ipi kwa Pesa Ndogo

Kabla hujauliza bei, igeuze mashine uitazame chini. Ukikuta sahani ya kubandikia pedi imefungwa katikati kabisa ya mhimili, na ukiisukuma kwa kidole inazunguka palepale bila kuyumba, hiyo ni rotari. Ukikuta sahani imekaa pembeni kidogo ya mhimili, ukiisukuma inayumba huku na huku na yenyewe inajizungukia kivyake, na juu yake kuna kipande cha chuma cha kusawazisha uzito, hiyo ndiyo mafundi wanayoiita DA. Muuzaji atakwambia zote mbili ni mashine za polishi, na hatakuwa amekudanganya. Ila moja, ikiwa mikononi mwa mtu anayejifunza, inaweza kutoboa rangi ya ukingo wa boneti kwa sekunde chache tu. Nyingine, hata ukiilazimisha, itachukua muda kukufikisha huko.

Makala haya ni ya mwenye gari aliyechoka kuona boneti yake imejaa mikwaruzo myembamba ya mviringo kila jua linapoipiga. Ni ya kijana mwenye sehemu ya kuoshea magari pia, anayetaka kuongeza huduma ya polishi bila kuingia kwenye mkopo. Wote wawili wanauliza swali moja: pesa ni ndogo, ninunue ipi? Ushauri wangu ni kununua DA ya kawaida yenye sahani ya milimita 125, na kutomaliza pesa yote kwenye mashine. Yanayofuata ni sababu zake, na namna ya kuitambua ukiwa umesimama kaunta.

Unachokikwangua ni chembamba mno

Magari mengi yanayoingia kwetu kutoka Japani, iwe Vitz, IST, Axio au Harrier, yana rangi ya matabaka. Kwenye bati kuna praima, juu ya praima kuna rangi yenyewe, na juu kabisa kuna klia, tabaka angavu linaloipa gari mng'ao na kuikinga rangi na jua. Mikwaruzo ile unayoiona kwenye mwanga iko ndani ya klia. Polishi haiifukii. Inaikwangua klia iliyoizunguka mpaka uso wote ushuke na kuwa sawa na sakafu ya mkwaruzo. Kila ukipiga, klia inapungua.

Klia ya kiwandani kwa kawaida ina unene wa mikroni 40 hadi 60, na mikroni 1,000 ndizo zinazotimiza milimita moja. Karatasi ya kawaida ya kuchapia ofisini ina mikroni kama 100. Basi kinga yote ya gari lako ni nusu ya unene wa karatasi, na gari lililokwisha kupigwa polishi mara kadhaa, huko lilikotoka au hapa nyumbani, lina pungufu ya hapo. Ikiisha, hakuna dawa ya chupani inayoirudisha. Ni kumpelekea fundi rangi aipulize paneli upya, na gharama ya paneli moja inaweza kuimeza bei ya mashine uliyoona umeipata kwa bahati.

Yapo magari yasiyo na klia, hasa ya zamani na baadhi ya meupe yasiyo na metaliki. Rangi na mng'ao ni kitu kimoja. Utayajua kwa kusugua mahali padogo, pasipoonekana, kwa kitambaa chenye polishi kidogo. Kitambaa kikitoka na rangi ya gari, hakuna klia hapo. Yanapigwa polishi vizuri tu, ila usishtuke pedi ikigeuka rangi. (Kwa gari jeupe, tumia kitambaa cheusi, la sivyo hutaona kitu.)

Sasa turudi kwenye mashine. Rotari huzunguka kwenye mhimili mmoja, kwa kawaida kati ya mizunguko 600 na 3,000 kwa dakika. Nguvu yote ya mota inaishia pale pedi ilipogusa, na msuguano unazaa joto. Ukiganda mahali pamoja, ukiilaza mashine ikasimamia ukingo wa pedi, au ukapita juu ya mkunjo wa boneti ambako klia huwa nyembamba kuliko kwingine, joto linapanda, klia inalainika na kuondoka. Hata asiyechoma, mgeni wa rotari huacha alama: mistari ya mng'ao inayohama ukilizunguka gari juani. Kwenye mwanga hafifu wa karakana haionekani. Mwenye gari anaiona kesho yake saa sita mchana, kazini, mbele ya wenzake.

DA ina miendo miwili kwa wakati mmoja. Sahani inayumba kwenye kiduara kidogo maelfu ya mara kwa dakika, na wakati huohuo inazunguka taratibu. Kwenye DA nyingi za bei nafuu mzunguko huo hausukumwi na gia. Sahani imekaa kwenye beringi na inazunguka kwa sababu myumbo unaipeleka. Ukibonyeza kupita kiasi, au ukiilaza kwa ukingo, inaacha kuzunguka na kubaki inatetemeka. Mafundi wazoefu huulalamikia udhaifu huo kwa sababu unawachelewesha. Kwa anayeanza, ndio unaoiokoa rangi, kwa maana mashine inakataa kazi pale hasa anapokosea. Haina maana kwamba DA haiwezi kuharibu. Pedi kali na kompaundi (dawa ya kukwangulia) kali, ukizipitisha mara nyingi kwenye ukingo mmoja, zitafika kwenye praima tu. Lakini inakupa muda wa kuona na kuacha.

Kuna pia DA zinazosukumwa na gia, zisizosimama hata ukizibonyeza. Flex ya Ujerumani ilijipatia jina kwa mashine ya namna hiyo. Ni nzuri, ni ghali, na zinapigana na mkono. Ziache kwanza.

Kwa nini dukani utaoneshwa rotari

Ukizunguka maduka ya vifaa ya Gerezani jijini Dar es Salaam, au ukipita kwenye maduka ya spea ya Kirinyaga Road jijini Nairobi na mitaa iliyo jirani, utaona rotari ndiyo ya kwanza kushushwa kutoka kwenye rafu. Sababu ipo. Rotari ni mota, gia na kichwa kilichopinda, karibu sawa na grinda ila imepunguzwa kasi, na kiwanda kinachotoa grinda kinaitoa bila taabu. Wanunuzi wake pia ni wengi: mafundi rangi, wang'arishaji wa marumaru, watu wa samani. Kampuni za Kichina zilizoenea kwetu, mfano Ingco na Total, huuza rotari kubwa zenye sahani ya milimita 180, na kwa kazi ya karakana hazina ubaya. DA huulizwa na wachache, kwa hiyo duka likiwa nayo huenda imekaa nyuma, na duka lisilo nayo litakwambia hii hapa inafanya kazi ileile.

Haifanyi kazi ileile. Na kuna nyingine tatu utakazooneshwa ambazo hazifai kabisa.

Ya kwanza ni grinda ya kukatia vyuma iliyofungwa pedi ya sponji. Grinda ya kawaida inazunguka mara 10,000 na zaidi kwa dakika. Hata zile zenye kidude cha kupunguzia kasi, nyingi hazishuki mpaka kiwango ambacho rangi inakistahimili. Mtu atakwambia fundi wake anaitumia miaka yote. Mwombe uyaone hayo magari juani.

Ya pili ni ile mashine pana, nyepesi, yenye mikono miwili na kofia ya kitambaa, ambayo picha ya boksi lake huwa na gari jekundu linalometameta. Ile ni ya kusambazia nta na kuifuta. Mota yake ni ndogo mno kukwangua klia, na mikwaruzo itabaki vilevile ulivyoikuta. Watu wengi wameipigia boneti jioni nzima wakidhani wanafanya polishi, wakaishia kuamini polishi ni porojo.

Ya tatu ni pedi ya kuchomeka kwenye drili. Drili haikutengenezwa kubeba uzito wa pembeni kwa saa tatu mfululizo, na huna namna ya kuishika ikae sambamba na bati.

Mashine za betri nisingezikataa, ila si kwa pesa ndogo. Kupiga polishi kunakula umeme bila kupumzika, tofauti na drili inayofanya kazi sekunde mbili ikapumzika. Betri ya volti 18 inaisha kabla hujamaliza upande mmoja, na utahitaji betri mbili au tatu ili ufanye kazi bila kusimama. Kama tayari una betri za kampuni hiyo kwa ajili ya kazi nyingine, fikiria. Kama huna, nunua ya waya.

Kusoma boksi

Namba iliyoandikwa kubwa kuliko zote kwenye boksi huwa ni wati, nayo ndiyo ya kuiamini kidogo kuliko zote. Wati ni umeme unaoingia kwenye mashine. Hazisemi chochote kuhusu ubora wa beringi wala gia. DA ya wati 500 hadi 900 inatosha gari dogo na la kati. Boksi lisilo na jina linalojisifu kwa wati 1,400 lisikubabaishe.

Namba yenye maana ni ya myumbo, yaani upana wa kile kiduara ambacho sahani inakichora. Itaandikwa 8 mm, 12 mm, 15 mm au 21 mm. Myumbo mpana hukwangua haraka na hueneza joto, lakini unataka eneo pana na tambarare. Kwenye kona na mikunjo sahani inasimama kila mara. Myumbo mwembamba unaenda taratibu na unatulia mkononi. Rupes ya Italia ndiyo iliyousambaza sana myumbo wa 15 na 21 kupitia mashine zake za BigFoot, viwanda vingine vikaiga, na ndiyo sababu leo DA ya 15 inapatikana kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaweza kuifikiria. Ukiwa na Vitz, Passo au gari lolote dogo lenye milango iliyojikunja, chukua 8 au 12. Ukiwa na Prado, Noah au unataka kuhudumia wateja wa kila aina, 15 itakufaa zaidi. Ya 21 achana nayo kwa sasa.

Sahani iwe ya milimita 125, ambayo wauzaji wengi wanaiita ya inchi tano. Ya 150 ni nzuri juu ya paa na boneti pana, lakini itakusumbua karibu na vioo vya pembeni, vitasa na nguzo za milango. Kikubwa zaidi, pedi za sahani ya 125 ndizo rahisi kupatikana. Ukinunua mashine yenye sahani ya kipimo cha ajabu utakuwa mtumwa wa aliyekuuzia.

Kasi iwe ya kurekebishwa, kwa gurudumu lenye namba 1 hadi 6 au karibu na hapo. Mashine yenye kasi moja tu irudishe kwenye rafu. Zipo zinazoanza taratibu unapobonyeza swichi. Hilo ni jema, kwa kuwa ile inayoanza kwa kishindo hutapanya kompaundi kwenye vioo, ukutani na kwenye shati lako. Uzito wa kilo mbili na nusu hivi ni wa kawaida. Ishike mbele yako, mikono yote miwili, kama unapiga mlango, ukiendelea kuongea na muuzaji. Dakika tano zikikuchosha, fikiria saa nne.

Halafu umeme, na hapa wengi wanapoteza pesa. Tanzania tunatumia volti 230, Kenya 240. Mashine kutoka Dubai au Muscat inakuja na volti za kwetu na plagi ya miguu mitatu ileile, kwa hiyo ndugu akikuletea kutoka huko, ichomeke ufanye kazi. Mashine ya mtumba kutoka Japani, na zipo nyingi, tena ngumu kweli, ni ya volti 100. Ya Marekani ni 120. Ukiichomeka moja kwa moja ukutani mota inaungua papo hapo. Itahitaji transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo unaozidi wati za mashine, na transfoma ya namna hiyo ni nzito na si ya bure. Soma kibati kilichopachikwa kwenye mwili wa mashine, si boksi. Boksi linaweza kuwa la nyingine.

Kwa anayetumia jenereta: kijenereta kidogo cha wati 650 hakiwezi kubeba mashine ya wati 900. Kitaivuta kwa shida, mashine ikose nguvu na mota ipate moto. Waya wa kurefushia nao uwe mnene. Waya mwembamba wa mita 30, ule wa kuunganishia taa ya sherehe, utapata moto na kuidhoofisha mashine hata kama umeme ni wa kutosha. Kuhusu bili usiogope. Mashine ya wati 900 ikifanya kazi saa nne bila kusimama haifikishi uniti nne.

Kuijaribu kaunta

Omba ichomekwe. Muuzaji anayekataa amekwisha kukujibu.

Iwashe kwa namba 1 ikiwa hewani, sahani ikitazama chini, kisha panda taratibu mpaka juu. Sikiliza mlio ukipanda bila kukatika. Mkwaruzo wa chuma ndani, harufu ya kuungua inayozidi ile ya upya, au cheche kubwa zinazoonekana kwenye matundu ya hewa ni sababu ya kuomba nyingine. Izime uone kama inasimama bila kugongagonga. Kila DA inatetemeka. Swali ni kiasi gani. Ikikufanya vidole vife ganzi palepale dukani, kazini itakutesa.

Kuna jaribio moja dogo ninalolipenda. Chora mstari mmoja wa kalamu nene pembeni mwa sahani, kutoka juu hadi chini. Bandika pedi, weka mashine juu ya kipande cha kadibodi safi au kioo cha kaunta kilichofunikwa taulo, iwashe namba 4 na uibonyeze kwa uzito wa mikono yako tu, bila kuilalia. Utauona mstari ukizunguka. Ukisimama kwa uzito mdogo hivyo, beringi ni mbaya au mashine ni dhaifu. Ukiendelea kuzunguka taratibu, umepata mashine. Mstari huo usiufute. Utakusaidia nyumbani kujua lini umebonyeza kupita kiasi.

Ulizia kaboni, zile brashi mbili ndogo zinazogusa mota. Ndizo zinazokufa mapema, na mashine nzima hutupwa kwa kukosa kitu cha bei ya soda. Angalia kama zina vifuniko vya kufungua kwa bisibisi pembeni mwa mashine, na kama boksi lina jozi ya akiba. Sahani nayo ni ya kubadilishwa, maana velkro yake inalainika kwa joto na kuacha kushika pedi. Hakikisha inafunguka kwa spana au bisibisi ya kawaida. Kisha risiti, yenye jina la mashine na tarehe, si kikaratasi cha "vifaa mbalimbali". Makita na Bosch za bandia zimejaa sokoni. Jina kubwa kwa bei ya nusu si bahati, na ningenunua DA ya Kichina inayojitambulisha kwa jina lake kuliko Makita isiyojulikana ilikotoka.

Pesa iliyobaki

Gawa bajeti yako mara mbili kabla hujatoka nyumbani. Nusu ni ya mashine. Nusu nyingine ni ya vinavyofanya kazi yenyewe, kwa sababu mashine peke yake haikwangui chochote. Kinachokwangua ni pedi na kompaundi. Nimeona watu wakinunua mashine nzuri na pedi moja, wakaitumia pedi hiyohiyo gari zima, kompaundi imekauka na kugeuka ganda juu yake, kisha wakashangaa gari limetoka na mikwaruzo mipya.

Pedi za sponji ndizo za kuanzia. Kuna ngumu za kukwangua, za kati, na laini za kumalizia. Usitegemee rangi ya pedi kukwambia ipi ni ipi: kila kiwanda kina mpango wake, na ya machungwa ya huyu ni ngumu huku ya yule ni ya kati. Zibonyeze kwa kidole gumba. Nunua angalau tatu za kati na mbili laini, ili moja ikilowa na kupata moto uweke nyingine. Pedi za maikrofaiba na za sufu hukwangua haraka sana. Ni za baadaye. Hakikisha pedi ni kubwa kidogo kuliko sahani, ili ukingo mgumu wa sahani usiguse rangi.

Kompaundi, anza na moja ya kati na polishi moja laini ya kumalizia. Maduka ya rangi za magari huuza za 3M na nyingine nyingi, na baadhi yatakupimia kwenye chupa ndogo, jambo linalofaa ukiwa unajaribu. Jihadhari na zile zenye mafuta mengi zinazoziba mikwaruzo badala ya kuiondoa. Gari linang'aa siku ya kwanza, likioshwa mara mbili mikwaruzo inarudi. Kuzibaini, changanya isopropili, spiriti ya kufutia, nusu kwa nusu na maji safi, nyunyiza mahali ulipopiga, futa. Kilichobaki baada ya hapo ndiyo kazi yako halisi.

Ongeza taulo za maikrofaiba kama kumi, tepu ya karatasi wanayotumia mafundi rangi, tochi kali, miwani ya kazi, na udongo maalumu wa kusafishia rangi. Huo udongo usiuone anasa. Osha gari, likauke, kisha vaa mfuko mwembamba wa nailoni mkononi na upapase boneti. Uso ulioonekana safi utausikia umejaa vipele: vumbi la breki, utomvu, lami. Ukipiga polishi juu ya vipele hivyo unaviburuza vyote kwenye klia. Lowesha kwa maji ya sabuni, pitisha udongo taratibu mpaka usikie uso umelainika, ndipo uwashe mashine.

Siku ya kwanza, si kwenye gari

Nenda kwa wauza vyuma chakavu au karakana ya kunyoosha bodi, utafute boneti iliyotupwa. Ikiwa nyeusi, bora zaidi, kwa kuwa nyeusi haifichi kitu. Iweke juu ya mapipa mawili au matofali, kivulini. Bati lenye joto la jua hukausha kompaundi kabla haijafanya kazi, na kwa hali ya hewa ya Dar, Mombasa au Tanga, hilo linamaanisha asubuhi na mapema, au jioni bati likishapoa.

Tenga mraba wa sentimita 50 kwa 50 kwa tepu. Weka matone manne ya kompaundi kwenye pedi, kila moja ukubwa wa punje ya mbaazi. Gusa gusa mraba mzima mashine ikiwa imezimwa, kisha iwashe namba 1 na usambaze. Panda hadi 4 au 5. Tembeza mashine taratibu kuliko unavyotaka, sentimita mbili au tatu kwa sekunde, kila mstari ukilalia nusu ya ule uliopita. Ukimaliza kwenda kushoto na kulia, rudia juu na chini. Mara nne hadi sita zinatosha. Tazama mstari wa kalamu pembeni mwa sahani: unazunguka? Vizuri. Umesimama? Punguza mkono, au nyoosha mashine ikae sambamba. Waya wa umeme upitishe begani ili usiburuzike kwenye rangi.

Futa, mulika tochi kutoka pembeni, linganisha na nje ya tepu. Ukiona tofauti, umeelewa. Usipoiona, usikimbilie pedi ngumu. Mara nyingi mkono ulikwenda mbio au pedi imejaa. Isafishe kwa brashi ngumu kila ukimaliza mraba.

Sasa fanya makusudi kile ambacho hutakiwi kukifanya kwenye gari. Chukua ukingo wa boneti ile chakavu, ilaze mashine, bonyeza, usihame. Kila baada ya sekunde kumi simama, gusa kwa mgongo wa vidole, usikie joto. Endelea mpaka uone rangi inabadilika. Muda uliochukua utakaa kichwani mwako, na kuanzia hapo utafunga tepu kwenye kingo za gari bila kukumbushwa na mtu. Plastiki za bampa zinashika joto haraka kuliko bati. Huko punguza kasi.

Yapo mambo ambayo mashine haitayaweza. Mkwaruzo unaokwamisha ukucha ni mrefu mno kwenda chini. Ukiufuata utamaliza klia. Klia iliyokwisha kubanduka kwa jua, ile inayoacha mabaka meupe juu ya paa na boneti, haipigwi polishi, inapulizwa upya. Rangi isiyo na mng'ao tangu kiwandani, ukiing'arisha umeiharibu. Madoa meupe ya maji ya kisima yenye chumvi, jaribu kwanza siki iliyochanganywa na maji, suuza vizuri, halafu ndiyo uamue kama yanahitaji mashine. Paneli iliyopakwa rangi mtaani nayo ni kitendawili: inaweza kuwa na klia nene, inaweza kuwa haina kabisa. Pima kwa kile kitambaa kabla hujaanza.

Kwa kijana wa sehemu ya kuosha: piga picha ya kila paneli mbele ya mteja kabla ya kugusa gari, ukimulika tochi, na mwambie yapi hayatatoka. Gari dogo zima, kwa anayeanza, ni kazi ya siku. Ukimwahidi saa mbili utaiharakisha mashine, na mashine iliyoharakishwa haifanyi chochote. Rotari utaitamani siku utakapopokea magari yaliyochakaa sana au yaliyopigwa msasa baada ya kupulizwa. Siku hiyo utakuwa tayari, na zile rotari za bei nafuu bado zitakuwepo kwenye rafu.

Baada ya kazi, osha pedi kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, zikamue kwa kiganja bila kuzinyonga, uzianike kivulini. Puliza vumbi kwenye matundu ya mota. Zikifika kaboni nusu ya urefu wake, badilisha zote mbili pamoja. Ukibadilisha moja, ile mpya na ile ya zamani hazitagusa sawasawa, na utaziona cheche.